Shingo ya Gitaa la Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana nimejifunga kamba kwa mdomo wangu mwenyewe na sasa sijui nianzie wapi kuifungua.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nimeolewa mwaka jana, niko mwaka wa mwisho chuo cha muziki na napiga gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni unalokaa nalo mguu mmoja ukiwa juu ya kistuli, na nasema bila kujisifu kwamba naliweza, hata walimu wanajua. Baba mkwe wangu ni seremala, maisha yake yote katengeneza milango na vitanda, lakini tangu mwanawe alete mpiga gitaa nyumbani, mzee aliingiwa na jambo, akatafuta vitabu, akafumua gitaa bovu akalichungulia ndani, akakaa miezi saba na randa na msasa, na miezi miwili iliyopita akanikabidhi gitaa mbele ya ukoo mzima, akaniuliza, "Mwanangu, linakukaa mkononi?" nami nikamjibu, "Baba, tamu kama asali!" na wifi zangu wakapiga vigelegele.

Mshauri, kwa sauti sikudanganya, ni nzito, nzuri, inajaza chumba. Tatizo ni shingo, pale mkono wa kushoto unaposhika. Mzee hapigi gitaa, kwa hiyo unene wa shingo kaupima kwa kiganja chake, na hicho ni kiganja cha mtu aliyebeba mbao miaka arobaini, changu kidogo, nikilaza kidole kimoja kukandamiza nyuzi zote sita dole gumba linakakamaa, na nikifika wimbo wa pili mkono mzima unawaka moto. Basi mazoezi nafanyia gitaa la mwalimu, nimejificha chumba cha kuwekea viti, na nyumbani nasema la baba linapumzika. Linapumzika! Mtihani wa kuhitimu ni wiki nne zijazo, dakika arobaini mbele ya watu, na mzee ameshashonesha suti. Mwalimu anasema, "Gitaa huchaguliwa kwa mkono, halichaguliwi kwa huruma." Mume wangu anasema, "Ukimwambia utamuua mzee, vumilia, ni siku moja tu." Na kubwa kuliko yote, kwa zile sifa zangu wanafunzi wenzangu watatu wamemwagiza magitaa, shingo tatu zimeshakatwa kwa kipimo kilekile na Jumamosi anazigandisha kwa gundi kwenye magitaa yao. Baba yangu mzazi hajawahi kuja kunisikiliza hata mara moja, huyu kanitengenezea gitaa. Nampenda. Nifanyeje?

Mkamwana Mwenye Asali Mdomoni

MSHAURI ANAJIBU

Mkamwana, pole kwa dole gumba. Kwa mengine sikupi pole.

Mzee alikuuliza swali la kazi. Hakuuliza kama gitaa ni tamu, aliuliza kama linakukaa. Ndivyo anavyouliza mshonaji aliyesimama na chaki mkononi, anangoja umwambie punguza hapa, achia pale. Wewe ukampa asali. Angekutengenezea mlango usiofunga, ungemwambia, "Baba, mlango mtamu"? Naelewa, ukoo mzima ulikuwa umekutolea macho, hata mimi ningeropoka kitu. Lakini kesho yake je? Na miezi miwili yote hii?

Mumeo ana moyo mzuri na ushauri mbovu. Mtu aliyeishi na wateja wa vitanda miaka arobaini hafi kwa kuambiwa apunguze mbao. Kitakachomuumiza ni kukaa kiti cha mbele na suti yake mpya, akuone unatoka na gitaa la mtu mwingine, au aone mkono wako unakwama kwa kazi ya mkono wake. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Nimemuuliza fundi wa magitaa ninayemfahamu, naye akacheka. "Shingo nene? Huo ugonjwa una dawa. Ingekuwa nyembamba ndiyo ningempa pole." Mbao ikizidi hupunguzwa, na kazi yenyewe ni ya siku chache pamoja na kungoja vanishi ikauke. Alionya jambo moja tu: apunguze kidogo kidogo, ushike, upige, apunguze tena, kwa sababu akipitiliza, nyuzi zitaipinda shingo.

Sasa nisikilize. Mfuate karakana, usimfuate sebuleni penye watu. Beba gitaa na kistuli chako. Usianze na sifa wala machozi. Mwambie, "Baba, uliniuliza kama linanikaa. Halinikai. Niliogopa kusema, nisamehe." Kisha piga palepale panapokushinda, akione hicho kidole kwa macho yake, halafu weka kiganja chako juu ya chake. Fundi hahitaji hotuba zaidi ya hiyo. Sauti isifu mwisho, kwa kuwa ni kweli. Mumeo akitaka kuja na aje, abebe kistuli, ila mdomo auache nyumbani.

Wiki moja kabla ya mtihani, uamue kwa mkono, kama alivyosema mwalimu wako. Likikukaa, panda nalo jukwaani. Lisipokukaa, panda na la mwalimu, na mzee ajue kutoka kwako mapema, asije akagundulia ukumbini. Na hao wenzako watatu waende karakana wenyewe wakapimwe viganja, kila mmoja na chake, kabla hawajaletewa mateso yaliyopakwa vanishi kwa sababu ya heshima zako.

Barua yako nimeipata Jumatatu, gazeti linatoka Alhamisi, gundi ni Jumamosi. Hesabu mwenyewe. Kunja gazeti, uvae viatu.

Na wewe mzee, kama umeufungua ukurasa huu kabla yake, shikamoo. Gundi iweke chini kwanza. Mkamwana wako yuko njiani.