Baba Amempenda Mnunuzi wa Gari, Hajui Ndiye Mchumba Wangu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, ingawa najua utacheka, maana hata mimi ningecheka kama yasingekuwa yangu.

Nina miaka ishirini na tisa, napokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na naishi na baba, sisi wawili tu tangu mama alipofariki miaka sita iliyopita. Baba ni fundi magari mstaafu, watu wote humwita Fundi, na ana gari moja ambalo nadhani analipenda sawa na anavyonipenda mimi, siku nyingine kunizidi, gari la Kimarekani la milango miwili, jekundu, injini ya silinda nane, nguvu za farasi mia nne na themanini, likiwashwa vikombe vinagongana kabatini. Alilinunua likiwa limegongwa ubavu mzima, watu wakamwambia amenunua chuma chakavu, akalishughulikia miaka minne kwa mikono yake mpaka likawa kama limetoka kiwandani jana. Sasa goti lake la kushoto limefanyiwa upasuaji, na gari ni la gia za mkono, na mguu wa kushoto ndio wa klachi, kwa hiyo akabandika karatasi ya LINAUZWA kwenye kioo, akaingia ndani, na siku hiyo hakula.

Wanunuzi wakaja, na baba akawafukuza mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikanyaga mafuta injini ikiwa bado baridi, akaambiwa ashuke. Mwingine aliweka chupa ya soda juu ya boneti. Wa tatu alikuja na pesa mkononi, ila aliubamiza mlango, baba akamwambia, "Mlango huo una mwenyewe. Nenda salama."

Katikati ya hayo mimi nina mchumba. Ni mwokaji mikate, tulikutana kwa sababu ya jino lake bovu, mtu mpole, mwoga wa sindano, anatembea kwa baiskeli na alikuwa hajawahi kushika usukani maishani mwake. Tulipanga aje Jumamosi saa nne ajitambulishe kwa baba, na kosa langu ni kwamba sikumwambia baba kuna mgeni, nilitaka amwone mtu kwanza ndipo asikie habari, sikujua kwamba saa hiyo hiyo baba alikuwa na miadi na mnunuzi, ambaye hata hakutokea. Nikiwa jikoni nikasikia lango, nikamsikia baba akisema, "Umechelewa dakika tano, njoo uone injini," na nilipotoka na juisi nikamkuta mchumba wangu na shati lake lililopigwa pasi ameinama kwenye boneti, anaitikia kila anachoambiwa. Baba akasema, "Huyu binti yangu. Huyu mteja." Mchumba wangu akanitazama, akasema, "Nimefurahi kukufahamu, dada." Dada, Mshauri! Na mimi nikaweka juisi, nikarudi jikoni.

Tangu siku hiyo zimepita Jumamosi tisa. Mchumba alipokiri kwamba hajui kuendesha nilidhani yameisha, kumbe baba akafurahi, akasema bora huyu, hana mazoea mabaya ya kufutwa. Sasa kila Jumamosi anampeleka kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa kumfundisha, gari linazimika, linaruka kama mbuzi, na baba ambaye hakumsamehe mtu kwa chupa ya soda anasema tu, "Taratibu, Mteja. Tena." Wakirudi wanakunywa chai, na baba anamuuliza anaamka saa ngapi, humpigia mama yake simu mara ngapi, akikasirika hufanya nini, na wanacheka mpaka nikakumbuka kwamba baba ana pengo upande wa kushoto, maana ilikuwa miaka sijaliona. Ile karatasi ya kuuza ameibandua.

Jumamosi iliyopita amemwambia, "Wiki ijayo njoo na mkubwa wenu, tumalize mambo kiutu uzima." Mchumba wangu amemwomba mjomba wake, na mjomba anajua anakuja kuposa, baba anajua anauza gari, na wote watakaa kwenye sebule yetu moja. Mchumba anasema bora alinunue tu, kisha apose baadaye. Mimi naona nikisema ukweli baba atajua tumemdanganya miezi miwili, atampoteza mteja, mwanafunzi na rafiki kwa siku moja, na juu ya hayo ndipo asikie kwamba mimi naondoka. Nifanyeje?

Binti wa Fundi

*

Marahaba, Binti wa Fundi.

Nimecheka, ndiyo. Nilipofika kwenye "dada" ilibidi niweke kalamu chini. Sasa nimemaliza, kaa nikukaripie.

Kazi yako ni kupanga miadi ya watu kutwa nzima, halafu unamleta mchumba kwa baba yako kama mtu aliyepotea njia? Mgeni wa namna hiyo hutanguliwa na taarifa. Na huyo mwokaji mwambie nimesema upole ni mzuri, ila ulimi nao amepewa autumie.

Haya, isome barua yako tena, polepole, kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Mtu anayefukuza wateja kwa chupa ya soda anamvumilia anayemzimishia gari wiki tisa. Karatasi ameibandua, na bei sijaiona popote. Anauliza kijana akikasirika hufanya nini. Mwanangu, mimi nimenunua gari na nimeuza gari, sijawahi kuulizwa ninavyokasirika. Na tangu lini gari likauzwa kwa kuita wajomba?

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Kwa maoni yangu baba yako anajua, pengine tangu uliposhindwa kumwangalia mgeni ukakimbilia jikoni. Siwezi kuapa, simjui. Lakini kama anajua, basi miezi miwili amekuwa akingoja umwambie, na kila Jumamosi inapita hujamwambia. Hilo limeniuma kwa niaba yake.

Kuna jambo umeliandika mwishoni, kwa haraka, kama mtu anayepita mlango wa jirani anayemwogopa. Unaondoka. Unaona siku atakapokunywa chai peke yake katika nyumba hiyo, na unadhani maadamu mchumba wako ni Mteja tu, siku hiyo haiji. Sikulaumu. Ni moyo wa mtoto mwema. Lakini mzee hakukulea uwe mlinzi wake, na ukimlinda kwa uongo utamwachia upweke huo huo mapema zaidi, wewe ukiwa bado humo ndani.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Kesho ukitoka kazini mfuate alipo, bila mchumba, simu umeiacha chumbani. Mwambie: "Baba, yule kijana nilimwita mimi, aje kukuona wewe. Tuliogopa, tukadanganya. Nisamehe." Kisha nyamaza. Usianze kueleza nani alikuwa na miadi saa ngapi. Kama anajua, atakuacha umalize. Kama hajui, atakasirika, na ana haki. Mpelekee chai, keti naye hata asiposema neno. Akitulia, mwambie na lile la pili, kwamba unaogopa kumwacha peke yake. Ulilolimeza halimfikii.

Mwokaji aje na mjomba wake kama alivyoitwa, na aombe radhi mwenyewe kabla mjomba hajafungua mdomo. Gari asilinunue. Fundi akitaka kuuza atasema, na asipotaka, basi mguu wa klachi ameshaupata, masomo yaendelee.

Nakuhimiza hivi kwa sababu mimi habari ya mkwe wangu niliipata kwa jirani, dukani, nikiwa na kilo ya sukari mkononi. Binti yangu alikuwa anangoja wakati mzuri. Kijana nilimkaribisha, harusini nilicheza, leo nampenda kama niliyemzaa. Lakini nilitamani niambiwe na mwanangu, mimi na yeye tu, nimwone uso wake akiniambia, na siku hiyo ilinipita. Ya baba yako bado ipo. Ni kesho.