Mahali Pako Mstarini

Tukuyu, Jumapili

Salum ndugu yangu,

Mguu unasemaje? Huku mvua haijakata tangu tufike, na nimekula mbalaga, zile ndizi zilizopikwa na maharage, mpaka mkanda umekataa kufunga. Komba anakusalimu. Yule aliyekuwa akipiga pasi hata kamba za viatu chuoni, leo anauza mitumba, na anavaa anachouza!

Jana tulikwenda Masoko kwenye kaburi la mwenzetu Ambakisye. Njia ya migombani ni nyembamba, tukapita mmoja mmoja, mimi mbele, Komba nyuma. Mjane wake, aliyetufuata na mwavuli, akaita, "Mashemeji, mbona mmeachana mbali hivyo? Mmegombana?"

Tukasimama. Ndipo tulipoona kuwa miguu ilijipanga yenyewe kama zamani kwenye gwaride la chuoni: mimi, Ambakisye, wewe, halafu Komba. Tulipomweleza, mama alikuja kusimama nyuma yangu, mahali pa mumewe. Kisha akageuka. "Na hapa?"

"Pa Salum," Komba akamjibu. "Mguu unamsumbua. Hatoki ndani, anasema siku zake zimekwisha."

"Basi msipazibe. Mwenyewe si yupo?"

Tukaendelea, watatu, kwa mwendo wa yule mama. Kila nikigeuka nilipaona mahali pako, patupu, pananyeshewa.

Kunywa dawa, ndugu yangu, na umruhusu shemeji akutoe hata barazani. Mwambie nampenda kwa kukuvumilia.

Mimi wa mbele yako,
Mathayo