Baba Si Mlevi, na Novemba Naolewa

Shikamoo mshauri, naandika huku kidole kinarukaruka na sijui kama ni hofu au ndiyo ugonjwa wa baba umeanza kwangu, naitwa Leonia, nina miaka ishirini na minane, naishi Chemchem hapa Tabora, na Novemba naolewa na Silasi. Baba yangu yuko Bukene, mwaka wa sita huu anapepesuka, mikono na uso havitulii, anasahau, anafoka bure, wazee wa kanisa wakasema ni pombe wakamtenga na Meza ya Bwana, mtu ambaye hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha, nasi tukanyamaza kwa sababu afadhali ulevi kuliko kuambiwa ukoo umelogwa. Basi shangazi yake Silasi alipokuja kupeleleza ukoo, akauliza kama kuna kifafa, kama kuna wendawazimu, mama akajibu, "Hakuna, dada, ila mzee anakunywa," wakacheka, yakaisha. Mwezi uliopita nikampeleka baba kwa daktari bingwa, damu ikapimwa, kumbe ni ugonjwa wa Hantingtoni, hitilafu ya jeni moja, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Silasi anataka watoto wanne na majina ameshachagua. Jana nimeangusha kikombe nikakaa chini nikalia. Mama anasema nikifungua mdomo wadogo zangu hawataolewa. Nimwambie Silasi, au niolewe kwanza? Naogopa sana.

Leonia, marahaba. Pole, mwanangu. Kwanza acha kujipima kwa vikombe. Hofu nayo hutetemesha mikono. Nusu kwa nusu maana yake huenda hukuurithi ugonjwa huo, na kama hukuurithi, watoto wako hawataupata kwako. Kipimo kipo, ila uamuzi ni wako peke yako, na uzungumze na daktari kabla ya kutoa damu, maana jibu ukishalijua huwezi kulisahau.

Sasa nikugombeze. Mmemwachia mzee jina la mlevi miaka sita ili nyumba ionekane haina kasoro! Chukua majibu ya daktari, uyapeleke kwa mchungaji wake wiki hii hii.

Silasi umwambie wewe, uso kwa uso, kabla tangazo la ndoa halijasomwa. Usimtume shangazi wala usiandike meseji. Sema, "Baba ana ugonjwa wa kurithi, huenda na mimi ninao, sijapima." Kisha nyamaza aulize. Akiondoka utalia, sikudanganyi. Lakini ukimficha, na ugonjwa ukaja kwako au kwa mtoto, atakuuliza ulijua tangu lini, na jibu utakuwa nalo.