Tangu Mke Wangu Anifukuze, Timu Haijafungwa

Mshauri wetu mpendwa, salamu kutoka huku Nebraska kwenye upepo usiokoma, naandika haya nikiwa nimekaa juu ya kitanda cha kuchulia wachezaji misuli katika ofisi ya makocha, ndicho ninacholalia siku hizi, na nakuomba unisaidie katika gazeti la Jumatano hii hii, maana ikipita Ijumaa sijui kama nitakuwa bado na mke.

Mimi ni kocha wa warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, katika timu ya besiboli ya chuo ambacho sitakitaja, chuo kidogo kiasi kwamba anayekata nyasi za uwanja ni mimi huyo huyo, na makocha tuko watatu tu: kocha mkuu ni mzee Verlyn, ameifundisha timu hii tangu mimi sijazaliwa na kombe la ligi hajalishika hata mara moja, kocha wa wapigaji ni Pospisil, ambaye hana mke wala hamu ya mke, halafu mimi, ambaye mke ninaye, anaitwa Janelle, na yeye ndiye tatizo, au tuseme tatizo ni mimi, utaamua mwenyewe.

Mwezi wa tatu wote tulikuwa tunafungwa ovyo, kila anayekuja anatufunga, na katikati ya balaa hilo ikafika kumbukumbu ya ndoa yetu, nikampeleka Janelle mjini kula nyama, nikajiapiza kabisa kwamba habari za mpira sizitaji, lakini chakula kikachelewa, mikono ikaniwasha, nikavuta kichupa cha chumvi na cha pilipili nikaanza kumwonyesha vile kiwiko cha kijana wetu anayetumia mkono wa kushoto kinavyoshuka anaporusha, na nilipoinua macho Janelle alikuwa ameshavaa koti. Hakupiga kelele, mshauri, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Lonnie, kalale na warushaji wako." Basi nami nikaenda, nikalala hapa ofisini, na kesho yake tukashinda, na mchezo uliofuata tukashinda, na wiki ile nzima tukashinda, tukawafunga hata wale jirani zetu ambao hutufunga kila mwaka huku wanatafuna mbegu za alizeti.

Sasa wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba timu ikiwa inashinda hakibadilishwi kitu, soksi hazifuliwi, ndevu hazinyolewi, kwenye basi kila mtu na kiti chake kile kile, na Pospisil kabla ya kila mchezo anakula runza, mkate ule wa nyama na kabichi, kutoka kituo kile kile cha mafuta, hata ukiwa umekauka kama tofali. Mzee Verlyn akanikuta asubuhi napiga mswaki kwenye sinki la ofisi, akauliza kulikoni, nikamweleza yote nikitegemea anipe pole. Akakaa chini, akavua kofia, akapiga hesabu ya michezo kwa vidole, halafu akaniambia, "Mwanangu, usithubutu kurudi nyumbani."

Nilidhani utani. Baada ya muda Janelle mwenyewe akanipigia, moyo umeshamlainika, akasema nyumba imekuwa kimya mno, nirudi, nami nikaruka kwa furaha nikaenda kuaga, kumbe nimejipeleka mwenyewe kwenye mtego, maana mzee Verlyn na Pospisil waliitisha kikao cha makocha kuhusu mke wangu, wakakubaliana kwamba kinacholeta ushindi si kile kitanda, ni ule ugomvi, kwa hiyo kulala nje peke yake hakutoshi, lazima niendelee kukosana naye mpaka msimu uishe. Basi, naona aibu kusema, nilimpigia nikamwambia bado nina hasira. Akanyamaza, kisha akauliza nina hasira ya nini ilhali mwenye hasira alikuwa yeye. Nikakata simu.

Kuna siku mchezo ukiendelea uvumilivu ulinishinda, nikajibanza nyuma ya vyoo vya uwanjani nikampigia, nikamwambia nimeukumbuka mkate wake wa mahindi, akacheka, nami nikacheka, na wakati ule ule kijana wetu wa mkono wa kushoto akaanza kupigiwa mipira yake mbali mfululizo, pointi zote tulizokuwa tumetangulia nazo zikayeyuka. Pospisil akaja mbio kunitafuta, akanikuta simu sikioni, meno nje. "Unacheka naye?" akaniuliza. "Wenzio tunazama huku, wewe unacheka naye?" Akaninyang'anya simu, tukaponea chupuchupu, na tangu hapo kila siku ya mchezo simu yangu inakaa mfukoni mwa kocha mkuu.

Jumapili iliyopita Janelle akaja uwanjani mwenyewe, akakaa nyuma ya wavu, amepakata bakuli la viazi vya kuoka na jibini limefunikwa taulo, akanipungia mkono mbele ya watu wote. Mshauri, nilimgeuzia mgongo. Mzee Verlyn alikuwa ubavuni mwangu ananong'ona, "Tazama mbele, mwanangu, tazama mbele," nami nikatazama mbele mpaka shingo ikaniuma. Tukashinda. Nilipogeuka alikuwa ameshaondoka, bakuli ameliacha pale kwenye kiti. Pospisil alilila lote.

Sasa ameniletea ujumbe kwamba Ijumaa jioni niwe mezani, la sivyo anakwenda kwa dada yake Omaha na nisijisumbue kumfuata, na fainali ni Jumamosi. Mzee Verlyn anastaafu msimu huu, na nilipomwambia nataka kwenda alilia, alilia machozi kabisa, akaniomba nimpe Jumamosi tu, Jumapili atakwenda yeye mwenyewe kumpigia Janelle magoti, na mzee huyu ndiye aliyenipa kazi bega langu lilipoharibika na hakuna timu iliyonitaka tena. Nampenda, na mke wangu nampenda, na nusu ya moyo wangu inaamini kwamba nikikila chakula kile tu, tumekwisha. Nimewaza hivi: je, naweza kwenda Ijumaa nikala huku nimenuna? Au nimchokoze kidogo kwa jambo lingine, mfano ule mfereji wa paa unaovuja, ili tubaki tumekosana lakini chini ya paa moja? Nishauri, na tafadhali jina langu lifichwe.

Ni mimi, Mwenye Hasira ya Kulazimishwa.

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Mwenye Hasira ya Kulazimishwa, kuficha jina ungeanza wewe. Umemtaja mkeo, umemtaja mkubwa wako, umemtaja Pospisil, na wewe mwenyewe umejitaja kwa kinywa cha Janelle. Kaunti nzima imeshajua ni nani, basi acha tuzungumze bila pazia.

Pole kwa kulalia kitanda kile. Pole yangu imeishia hapo.

Sikucheki kwa mambo ya soksi. Nimeishi na mume mpenda besiboli maisha yangu yote, na kuna misimu ambayo nilimlaza barazani na viatu vyake. Mwacheni Pospisil atafune mkate wake mkavu mpaka ang'oke jino, ni tumbo lake. Lakini soksi hainyamazi kwenye simu ikijiuliza imekosa nini. Wewe umemchukua mwanamke mzima ukamtupa kwenye kapu moja na nguo chafu za timu, halafu unaniuliza kama unaweza kumchokoza kidogo. Huoni haya?

Na hizo timu mlizozifunga, unadhani wao walifua? Kila kocha katika jimbo hili ana uchafu wake anaoutunza, na mmewafunga hivyo hivyo. Hebu niambie kiwiko cha yule kijana kikoje siku hizi. Sijakiona, lakini naapa kimepanda, kwa sababu kocha wake anaamkia uwanjani na hana pengine pa kwenda, anarusha naye asubuhi na jioni. Na siku ile alipopigwa mfululizo, kocha wa warushaji alikuwa wapi? Nyuma ya choo. Mrushaji wako alikuwa anazama na wewe hukuwepo kumwambia lolote. Unataka uchawi gani zaidi ya huo? Mmefanya kazi nzuri ninyi watatu, kisha sifa mmeipa ndoa yako inayobomoka.

Kuhusu mzee Verlyn, machozi yake ni ya kweli na simbezi. Mtu amengoja maisha yake yote. Ila umeniandikia barua ndefu kuliko zote nilizopata mwaka huu na hukuniambia yeye analala wapi. Mkewe tunaimba naye kwaya moja, na hajawahi kulalamika kwamba kitanda chake kina nafasi. Akija tena kukulilia, mwambie kwa heshima zote kwamba anayetaka kombe kwa ndoa atoe ya kwake.

Sasa sikia. Leo chukua simu yako. Mpigie Janelle kabla hujapoteza ujasiri, umwambie unakuja, usieleze zaidi, maana ukieleza kwa simu utaharibu. Ijumaa oga, na ukimaliza, oga tena. Nenda mapema ukamenye viazi, usifike kama mgeni wa kula tu. Kisha mweleze yote, kikao na simu na hasira ya uongo, na uanze na ule mgongo uliomgeuzia, kwa kuwa hayo mengine ataweza kuyacheka siku moja, lakini hilo halichekeki leo wala kesho. Atakasirika upya, na safari hii ana haki. Wewe kaa, sikiliza, usishike kitu chochote kilicho mezani. Usinune. Mfereji wa paa usiutaje mpaka uwe na ngazi mkononi. Bakuli lake mrudishie limeoshwa, na aliyekula viazi aje mwenyewe kuomba radhi.

Utasema, na tukifungwa? Mnaweza kufungwa. Kufungwa ni sehemu ya kazi uliyoichagua. Mzee Verlyn atarudi kwa mkewe amlilie begani, Pospisil atapitia kituo chake cha mafuta, vijana watakwenda kwa mama zao. Nawe utashuka kwenye basi na begi lako. Siku hiyo, bwana, hutahitaji kombe. Utahitaji mtu mmoja wa kukaa naye jikoni asikuulize kitu.

Mpaka Ijumaa saa kumi na mbili jioni, mtu huyo bado yupo. Nenda nyumbani.