Mwambie Robow Asikuje Ijumaa

Bulla Pesa, Jumatano asubuhi

Tulikuwa tumefika wapi, abaayo? Ile simu ya Abdifatah wa huko kwenu ilizima nikiwa nakueleza ya mguu ya kushoto, na naskia nusu ya Merti walikuwa wanaskiza kwa spika, hata mtu wa duka akauliza ni mguu ya nani. Bas, leo naandika. Barua haina spika. Kisomali mdomo inajua lakini mkono haijui, kwa hivyo vumilia hii Kiswahili yangu ya darasa la tatu.

Salaam aleikum kwanza, abaayo, dada yangu Isnino. Mgongo iko aje? Mbuzi wamepata majani? Mto iko na maji ama ni mchanga tu? Sisi hapa tuko, alhamdulillahi, ukitoa miguu, na ukitoa hii maneno ya Ijumaa, ndio imenifanya nitafute kalamu. Nitasema mapema ndio usisome ukiruka-ruka. Ijumaa bwana yako Robow anakuja Isiolo kukaa na bwana yangu baba Mako, wamalize maneno ya kumpatia mke mwenzangu Tache talaka. Nakuomba kitu moja tu. Mwambie asikuje. Ama akikuja, aseme hapana.

Najua umeshtuka. Unasema Hoda amerogwa na mke mwenzake. Kaa chini nikuelezee, na naanza na miguu kwa sababu yote imetoka hapo.

Unajua kazi yangu ya maziwa. Pikapu za ngamia zinafika asubuhi, mimi nasimama, nafungua mtungi, nanusa, ile imeharibika nasukuma kando, nafungua ingine, mpaka basi ya Nairobi ijae. Kukaa hakuna. Miguu ilianza kufura kidogo-kidogo, jioni viatu zinakataa. Nikaenda kwa daktari, mama mmoja wa Kimeru, akafinya hapa juu ya kifundo na kidole gumba, shimo ikabaki pale kama umefinya unga ya chapati. Akanipima mkojo, akaskiza moyo, akasema hizo ziko sawa, ni mishipa ya kurudisha damu juu imechoka. Akanipatia soksi ya kubana. Inafika chini ya goti, mbele kwa vidole iko wazi, na rangi ni ya mzungu. Siku ya kwanza nimevaa, Velma, ule Mturkana anauza sukuma kando yangu, aliniuliza kama nusu ya chini imepata viza.

Nilicheka pia, lakini hiyo soksi iliniweza. Ilikuwa ndefu, mimi ni mfupi, nikakunja juu kama ya mwanafunzi. Kufika saa sita mahali nimekunja imekata kama kamba, na chini mguu imefura kama mkate kwa maji. Halafu kuna udhu. Kwa sala lazima nioshe miguu. Nikauliza mama wa madrasa, akasema pangusa juu ya soksi inatosha. Mwingine akasema hapana, ya kupangusa ni ile ya ngozi, si hii nyepesi. Mimi unanijua kwa uoga wa mambo ya Mungu, nikasema nitatoa kila sala. Abaayo, kutoa ni vita, kurudisha ni vita mbili, na tumbo hii iko katikati inazuia mikono. Msichana yangu Mako ameolewa Moyale, nani wa kunisaidia? Nikatupa soksi kwa sanduku. Miguu ikawa nzito, ngozi ikaanza kutoa maji, na daktari alikuwa ameshanionya kwamba ikipasuka hapo, kidonda haitapona haraka. Asubuhi moja nikakaa kwa kitanda, nikaangalia sakafu, nikashindwa kukanyaga. Niliskia pikapu ya maziwa inapiga honi kwa barabara. Nikalia kama mtoto.

Ni Tache aliingia. Hatukuwa tunaingiliana. Wewe mwenyewe, siku baba Mako alimleta, ulitoka Merti mpaka hapa kuniambia nisikule chakula ya mkono yake, na miaka minne sikukula. Nilieleza Bulla Pesa yote kwamba huyu msichana wa Waborana hata chai anaunguza, na sikuwa nimeonja hata siku moja. Hakuuliza kitu. Alileta beseni, nikachukua udhu, nikasali kwa kiti. Akanipanguza mpaka katikati ya vidole, akatafuta soksi kwa sanduku. Ilikataa kupanda. Akafikiria kidogo, akafungua shash, kile kitambaa kwa kichwa yake. Ile shash ya ndoa, abaayo, ile nyeusi ya maua, mama yake alimfunga siku ya harusi na mama sasa ni marehemu. Akafunika nayo mguu yangu, soksi ikateleza juu yake kama imepakwa samli, halafu akavuta shash pole-pole ikatokea kwa ile shimo ya vidole. Nikamwambia, wewe, hiyo ni ya kichwa. Akasema kichwa yake haiumwi.

Tangu hiyo siku ni yeye. Alfajiri ananivalisha kabla sijashuka kitanda. Mchana anakuja mpaka mahali ya maziwa na birika, tunaingia nyuma ya kibanda cha Velma, anatoa, anaosha, anavalisha. Ile maji ya ngozi imekauka. Nasimama, nauza, napiga domo kama zamani. Na kumbe huyu mtu ananyamaza hivyo na anajua maneno ya kila nyumba. Mambo ya yule jirani wa geti ya bluu, mimi ndio nimeambiwa na yeye. Sasa tunakula sahani moja. Chai yake haina shida.

Halafu shemeji Robow akamtafutia baba Mako msichana mwingine wa kuoa huko kwenu, na kumwambia kwamba mwanamke ameolewa miaka minne bila mtoto ni kulisha bure. Najua wewe ndio ulimpa hiyo maneno. Sikulaumu. Ulifikiria unanipigania, na mwaka jana ungefanya hivyo ningechinja mbuzi. Lakini Tache hana kwao. Baba alikufa, ng'ombe za kaka zake zimeisha kwa kiangazi, wanalala kwa watu huko Garba Tulla. Akitoka kwa hii mlango hakuna ingine.

Utasema Hoda analilia mtu wa soksi. Jana nilimuuliza atafanya aje, maana yeye pia anajua ya Ijumaa. Alikuwa amepiga magoti kwa ile ya kushoto. Nilitaka aseme mambo yake, hata anitukane, ni haki yake.

“Nikienda,” akasema, “nani atakuvalisha?”

Mimi, abaayo. Nilimvuta kichwa, nikambusu. Uliza mtu yeyote hapa kama ameshawahi kuona hiyo.

Jioni nikamwambia baba Mako, “Ukimtoa huyu, unatoa wawili.” Alicheka mpaka akapaliwa, kwa sababu mimi kila siku ni mzaha. Lakini sikiza, hii hata Tache sijamwambia. Kwa ploti ya Velma kuna chumba moja imekaa tupu, na ufunguo iko hapa imefungwa kwa pindo ya shuka yangu. Ijumaa wakisema talaka, mimi nachukua mitungi yangu na huyu mtoto wa watu, tunaondoka. Miaka hamsini na mbili, mjukuu niko naye, nitatoka kwa bwana kwa sababu ya mke mwenzangu. Watacheka mpaka Oldonyiro. Wacha wacheke. Mimi nimewacheka vya kutosha. Lakini sitaki ifike huko. Huyu mzee wangu nampenda na ubaya yake. Ndio naomba wewe, Robow anakuogopa, usinidanganye…

Ngoja. Tache amemaliza ya kulia, ameshika shash aanze ya kushoto, na baba Mako anaita kwa geti. Anaita Tache peke yake. Anasema Robow ameshafika, alisafiri na lori ya jana, na wazee wamekaa.

Ameweka shash chini. Ameenda.

Abaayo, naipatia Lokorio hivyo hivyo, pikapu yake ya Merti inawashwa. Ikikufikia na mambo imeisha, ujue nilikuomba. Salimia watoto. Siwezi ngojea soksi ya pili, nafuata na moja.

Ni mimi mdogo wako, Hoda