Amekwenda Malishoni, na Ng'ombe Wote Wapo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa leo naandika nikiwa nimepumua kidogo. Mimi ni mke wa mfugaji, tunaishi nje kidogo ya Nsemulwa hapa Mpanda, na mume wangu Malale amefungwa miaka miwili kwa sababu alikamatwa na nyama ya nyati aliyemuua ndani ya pori la akiba, na siku walipomchukua nilishindwa kabisa kumwambia binti yetu Kabula, aliye darasa la tatu, nikasema baba amekwenda malishoni bonde la Rukwa, atarudi mvua zikianza, na mama mkwe naye akaitikia hivyo hivyo.

Basi mtoto akabadilika, akaanza kukojoa kitandani, shuleni akawa anang'ata wenzake, nikienda kisimani ananifuata huku analia, nami nikamchapa nikidhani ni ujeuri, hadi juzijuzi tukiwa tunapukuchua mahindi akaniuliza taratibu, "Mama, kaburi la baba liko wapi?" Nikashtuka, nikamuuliza nani kakuambia baba kafa, akasema, "Ng'ombe wote wapo. Amekwenda kuchunga nini?"

Nikalia, nikamweleza yote, akanitazama, akauliza, "Kwa hiyo anakula?" Nikasema anakula. Akasema, "Basi," jioni akamaliza ugali na mlenda wote, akaomba tena, na tangu hapo kitanda ni kikavu. Sasa kila asubuhi anataka nimpeleke gerezani. Mama mkwe anasema mtoto akimwona baba yake na nguo za jela atamdharau maisha yake yote, na Malale mwenyewe ametuma neno kwa mtu aliyetoka gerezani kwamba nisithubutu kumleta. Nikimpeleka namvunja mume, nisipompeleka naogopa nitampoteza tena mtoto niliyempata juzijuzi. Nifanyeje?

Nyanzala, Mpanda

Nyanzala, pole sana, na nimefurahi mno kusikia kitanda kimekauka. Lakini ngoja nikugombeze kidogo. Watoto wa mfugaji wanajua idadi ya ng'ombe kabla hawajajua kuandika majina yao, nawe unamwambia baba kaenda malishoni mikono mitupu! Ungesema hata kaenda kuchimba dhahabu. Hapana, nafuta hilo, usingesema uongo wowote. Mtoto usipomweleza anajieleza mwenyewe, na mara nyingi anajieleza mabaya kuliko ukweli. Kabula alikuwa anaomboleza peke yake, nyumba nzima ikimwona mjeuri. Zile fimbo, mwombe radhi.

Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba mtoto aliyekwisha kumzika baba yake moyoni hatajali rangi ya shati.

Mpeleke. Kwanza ulizia siku za kutembelea wafungwa na kama watoto wanaruhusiwa, msije mkarudishwa getini. Kabla ya safari mweleze atakachokiona: zile nguo, askari aliyesimama karibu, muda mfupi, na kwamba hamtarudi naye. Usimwambie baba hana kosa. Aliua mnyama asiyeruhusiwa, anatumikia adhabu, na bado ni baba yake. Nenda pia shuleni, umweleze mwalimu faraghani, wala usiongeze chumvi. Akirudia kung'ata, kaa naye mzungumze. Na kukojoa kukirudi, mpeleke hospitali.

Malale namwelewa, anaona haya. Lakini hakuna aliyemweleza jinsi mtoto huyu alivyoteseka. Mtumie mtu amweleze, bila kuficha. Kisha usimwombe ruhusa, mwambie tu ajiandae, binti yake anakuja.