Mulopwe Hakuli Mbele ya Bantu

Kamina, 3 juni 1956

Mwipwa wangu Lazare, mutoto ya dada yangu,

Jambo sana. Dorothée na batoto beko na afya? Miye niko muzima. Magoti tu njo inapiga kelele.

Gazeti yenye naandikaka mambo ya teatre, banaisoma mpaka Bruxelles! Bon, uongo. Banaisoma ku gare ya treni, kiisha Mama Kabedi wa soko anafungia ndani samaki ya ziwa Kisale. Lakini jina yangu iko juu ya ile samaki, Lazare!

Niliandika: mu teatre ya padri, karani Amédée alicheza mulopwe, mufalme wetu wa zamani. Akakula bukari, ugali yetu, mbele ya bantu bote, akalamba na vidole! Bamuzee balitoka inje na hasira. Mulopwe anakulaka pa kujificha, hata mutoto ya Kamina anajua. Na weye, muhariri wa gazeti, ulichapa nini? "Mulopwe alikula vizuri, bote balifurahi." Chini yake jina yangu: Kisimba! Sasa ku soko banasema: "Muzee, kesho utatuonyesha mulopwe anaenda ku choo?"

Rudisha maneno yangu!

Yomba yako, Kisimba

Elisabethville, 20 juni 1956

Yomba mupendwa,

Jambo. Dorothée alikuwa na homa, ilipona. Magoti, pakaa mafuta.

Usinikasirikie. Ni Bwana mukubwa, mwenye gazeti: anasema padri basimuseme mubaya mu gazeti yake. Usifu, ao uache. Sifu kidogo tu, yomba. Nani atakufa?

Mwipwa yako, Lazare

Kamina, 8 julai 1956

Lazare,

Jambo kwa Dorothée, apone kabisa. Kwa weye, nusu jambo.

Bwana mukubwa, Bwana mukubwa! Kalamu ilikuwa mu mukono ya nani? Naacha gazeti yenu. Bafungie samaki na jina ya mwingine.

Jana balicheza tena. Amédée kupeleka mukono ku bukari, miye nilishindwa kukaa. Nilinyang'anya Mama Kabedi kitambaa ya mabega, nikapanda ku jukwaa, nikamufunika mulopwe. Padri akaruka: "Huyu nani?" Bamuzee balishusha vichwa, bakapiga makofi ya heshima, polepole, mpaka mulopwe akashiba. Kiisha padri, masikio nyekundu: "Kisimba, kitambaa njo kazi yako sasa."

Basi, niko mucheza-teatre. Siwezi kujiandika miye mwenyewe. Kuya huku Kamina siku ya Assomption, 15 agosti, tutacheza tena; ukae mbele. Uliniibia maneno, nirudishie mustari moja tu: "Muntu wa kitambaa alisimama vizuri." Na uandike mikono yake ilitetemeka. Ilitetemeka kweli, usikate ile maneno.

Yomba yako